Watalii Wanaojiendesha na Matela ya Kulala: Hifadhi Zijiandae kwa Mgeni wa Aina Nyingine

Takwimu za utalii za mwaka 2024 zilipotangazwa, jambo lililonukuliwa zaidi lilikuwa jumla yake: watalii 5,360,247, wakiwemo wa kimataifa 2,141,895 na wa ndani 3,218,352. Lengo la kufikisha watalii milioni 5 ifikapo mwaka 2025 likahesabiwa kuwa limevukwa kabla ya wakati. Katika jumla hiyo, hata hivyo, fungu kubwa zaidi ni la Watanzania wenyewe, na hilo ndilo linalostahili kusomwa mara mbili. Idadi ya wageni kutoka nje ina viwanja vya ndege, kampuni za utalii na hoteli zinazoisimamia. Idadi ya wenyeji haina mpangilio wa namna hiyo, na swali lake gumu kuliko yote ni dogo kulitamka: wakishaingia hifadhini, walale wapi?

Kwa sasa jibu la wengi ni kutolala. Familia ya Morogoro huingia Mikumi asubuhi na kutoka jioni. Wanafunzi wa Mwanza huingia Serengeti kwa lango la Ndabaka na kurejea siku hiyo hiyo. Kiingilio si kikwazo kikubwa. Kwa viwango vya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) vya mwaka wa fedha 2023/24, raia mtu mzima wa Afrika Mashariki alilipa shilingi 10,000 kuingia Serengeti na shilingi 5,000 kuingia Mikumi, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, wakati mgeni kutoka nje ya jumuiya alilipa dola 70 Serengeti katika msimu wa juu. Kikwazo ni kitanda. Bei ya chumba katika hoteli nyingi zilizo ndani ya hifadhi imepangwa kwa dola na kwa mfuko wa mgeni wa mbali. Kwa sababu hiyo, saa mbili zilizo bora kuliko zote za kutazama wanyama, ile ya alfajiri na ile ya machweo, humpita Mtanzania akiwa bado njiani au ameshaondoka.

Hapo ndipo linapoingia tela la kulala. Ni tela dogo linalovutwa na gari, lenye hema linalokunjuliwa, jiko la gesi la kuvuta kama droo, tangi la maji na betri ya kuendeshea jokofu na taa. Asili ya mtindo huu kwa bara letu ni kusini: Afrika Kusini, Namibia na Botswana, ambako familia kwenda hifadhini na nyumba yao nyuma ya gari ni desturi ya vizazi. Wasafiri hao huonekana nchini wakiingilia Tunduma kutoka Zambia na kuendelea Mbeya, Iringa na kaskazini. Ndugu yake wa karibu, gari lenye hema juu ya paa, hukodishwa Arusha na Dar es Salaam kwa wageni wanaotaka kujiendesha wenyewe. Idadi yao haijafikia kiwango cha kuitwa wimbi, lakini ni mgeni wa aina nyingine, na hifadhi zetu hazikuchorwa kwa ajili yake.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri zaidi ukiitazama Hifadhi ya Taifa ya Kruger, Afrika Kusini. Kruger ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1926, na mwaka uliofuata yaliingia magari 3 ya kwanza ya watalii. Tangu hapo hifadhi hiyo imejengwa kumzunguka mtu anayeshika usukani wake mwenyewe. Ina zaidi ya kilometa 800 za lami. Kambi zake kubwa, kama Skukuza, Satara na Lower Sabie, zimezungushiwa uzio na zina viwanja vya matela vyenye umeme, mabafu, duka na mafuta. Ipo hata kambi ya Maroela, karibu na Orpen, iliyotengwa kwa matela na mahema peke yake. Mwendo hauzidi kilometa 50 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye changarawe, na anayechelewa lango hutozwa faini bila mjadala. Wageni wengi wa hifadhi hiyo ni raia wa Afrika Kusini.

Kuiga Kruger nzima nzima lingekuwa kosa. Uzio na lami ndivyo vinavyoifanya iwe nafuu, na ndivyo vile vile vinavyoifanya iwe tofauti na Serengeti. Kambi za umma za Seronera, kama Pimbi, Nyani na Tumbili, hazina uzio. Usiku fisi hupita kati ya mahema, na kusikia simba akinguruma upande wa pili wa turubai ni sehemu ya kile mgeni alichokuja kukitafuta. Kambi hizo huwa na vyoo, mabafu na banda la kupikia, basi. Wapishi wa kampuni za utalii hufika na masanduku yao, hupika, huosha, huondoka. Mfumo huo unafanya kazi kwa sababu nyuma ya kila kundi yupo dereva kiongozi anayeijua hifadhi, anayejua kwamba chakula hakilazwi hemani, kwamba viatu vikiachwa nje fisi atavitafuna, na kwamba tembo aliyenusa machungwa ndani ya gari hasumbuliwi na kioo kilichofungwa. Mgeni anayejiendesha hana mtu huyo. Anacho kitabu, ramani kwenye simu, na kujiamini.

Upo pia upande wa hesabu, na si vyema kuuficha. Mgeni wa tela huleta kitanda chake, mara nyingi chakula chake, na hamhitaji dereva. Kwa usiku mmoja mmoja huacha fedha kidogo kuliko mgeni wa hoteli. Wapo katika sekta wanaomtazama kwa jicho la pembeni kwa sababu hiyo tu. Lakini mgeni wa hoteli huruka kutoka Arusha hadi Seronera na kurudi, akiwa ameona uwanja mdogo wa ndege na barabara za hifadhi. Wa tela hununua mafuta Tunduma, nyama Mbeya, mboga Makambako, hubadilisha tairi Iringa na kukaa wiki nzima pale ambapo mwingine angekaa siku mbili. Fedha yake ni ndogo kwa siku, nayo humwagika njia nzima. Kwa nchi inayotaka kuhamisha sehemu ya utalii kutoka kaskazini kwenda kusini na magharibi, huyu ni mteja anayepita kusini kwa hiari yake.

Kusini hakuna uhaba wa cha kuona. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019, ina kilometa za mraba zipatazo 30,000. Ruaha ina zaidi ya 20,000. Serengeti yenyewe ina 14,763. Mradi wa REGROW, ambao Benki ya Dunia iliupitishia mkopo wa dola milioni 150 mwaka 2017, ulilenga kuziinua hifadhi za ukanda huo kwa barabara, viwanja vya ndege na malango, kabla ya ufadhili wake kusitishwa mwaka 2024. Pengo lililoachwa linaipa mantiki zaidi aina ya utalii isiyodai majengo makubwa. Kiwanja cha matela kinahitaji ardhi iliyosawazishwa, kivuli, maji, choo kinachofanya kazi na mtu wa kukisimamia.

Hata hivyo, mtihani wa kwanza wa mgeni huyu hauko Ruaha. Uko Mikumi, nao haumhusu peke yake. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hukata katikati ya hifadhi hiyo kwa takriban kilometa 50. Malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya Mbeya na magari binafsi hupita humo usiku na mchana, na swala, nyati, nyani, hata simba na tembo hugongwa. Mabango yameorodhesha faini ya kila mnyama, matuta yamejengwa, mwendo umewekewa kikomo cha kilometa 50 kwa saa. Dereva wa tela anapaswa kuielewa sehemu hii kuliko mwingine yeyote. Gari lenye uzito wa tani moja nyuma yake halisimami pale linaposimama gari tupu. Breki ikishikwa ghafla, tela husukuma kutoka nyuma na kuyumbisha msafara wote. Mnyama anayevuka hatoi mita hizo za ziada. Na wapo wanaosimama katikati ya barabara hiyo hiyo kupiga picha za twiga, huku lori lenye makontena likija nyuma yao. Kutazama wanyama kwenye barabara kuu kunapaswa kuhesabiwa kuwa kosa la usalama barabarani kabla ya kuwa jambo la utalii.

Nje ya lami mambo hubadilika. Kutoka lango la Loduare, Ngorongoro, ambako lami hukoma, hadi Naabi, lango la Serengeti, barabara ya changarawe imejaa mawimbi madogo madogo yanayotikisa kila parafujo. Gari imara huyavumilia; tela lenye springi dhaifu hukatika ekseli au hufungua droo zote na kumwaga sukari, chumvi na mafuta ya taa katika bakuli moja. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa tambarare hushika matairi kama gundi. Gari likinasa huvutwa; gari na tela vikinasa pamoja, vikiwa vimepinda kwenye njia nyembamba, huziba barabara kwa kila anayekuja. Na kurudisha tela kinyumenyume mbele ya tembo dume asiyetaka kupisha ni ufundi ambao haujifunzwi siku hiyo.

Kwa mantiki hiyo, kanuni moja rahisi ingetatua sehemu kubwa ya tatizo: tela libaki kambini au langoni, gari liende kutazama wanyama peke yake. Wasafiri wazoefu wa kusini mwa Afrika hufanya hivyo bila kuambiwa. Kinachokosekana ni mahali pa kuliacha. Lango la hifadhi lenye uwanja wenye mlinzi, unaolipiwa kwa siku, lingeondoa matela kwenye njia za ndani bila kumfukuza mwenye tela, na lingeongeza chanzo cha mapato ambacho hakigharimu hata mti mmoja.

Jambo lenyewe la kutazama wanyama linahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndilo linaloharibika kwanza wageni wanapoongezeka. Faida kuu ya anayejiendesha ni muda. Hana ratiba ya chakula cha mchana hotelini wala wenzake sita ndani ya gari wanaotaka kuona chui leo hii. Anaweza kuzima injini kando ya dimbwi la Mto Ruaha Mkuu mwezi Septemba, wakati mto umebaki vidimbwi, na kukaa saa nne. Watakuja pundamilia, watasita, watarudi nyuma, watakuja tena. Nyuma yao swala, kisha tembo watakaochimba mchanga kwa mikonga kutafuta maji yaliyo chini. Asiyesubiri haoni lolote kati ya hayo. Anaona mgongo wa mnyama unaoingia kichakani.

Lakini muda mwingi mikononi mwa mtu asiyejua mipaka ni hatari vile vile. Duma ni mfano ulio wazi. Huwinda mchana, na magari yakimzunguka hukosa windo au hupoteza watoto kwa fisi wanaofuata msongamano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Maasai Mara, upande wa Kenya wa ikolojia hii hii, ulionyesha kuwa duma jike katika maeneo yenye utalii mwingi alikuza watoto wachache mno kuliko yule wa maeneo tulivu. Mwezi Julai 2025 zilisambaa picha za wageni walioshuka kwenye magari na kusogea ukingoni mwa Mto Mara wakati nyumbu wakijaribu kuvuka. Wale hawakuwa wa matela. Walikuwa wateja wa kampuni, wakiwa na waongoza watalii wao. Tukio lile linakanusha dhana kwamba kuwepo kwa dereva kiongozi kunatosha, na linaonya pia kwamba kama wenye leseni walishindwa kudhibitiwa, asiye na leseni ya kunyang'anywa atadhibitiwa kwa njia ipi. Sheria zipo: kushuka mahali pasiporuhusiwa ni kosa, kuacha barabara ni kosa, kuendesha ndani ya hifadhi usiku ni kosa. Kilicho haba ni askari wa kutosha kwenye vivuko katika wiki chache za msimu.

Kuna dhara jingine lisilopigwa picha. Gugu karoti, mmea vamizi ulioenea katika maeneo ya Arusha, husafiri kwa mbegu ndogo zinazonasa kwenye tope la matairi. Likiingia malishoni husongamana na kuua majani ambayo nyumbu na ng'ombe huyategemea. Tela linalotoka nchi tatu mbali, likiwa limelala kila usiku kwenye nyasi za mahali tofauti, ni chombo kizuri kuliko vyote cha kulisambaza. Kuosha matairi na chini ya tela langoni ni kazi ya dakika chache yenye maana kubwa kwa malisho. Taka nazo ni hivyo hivyo: kilichoingia na gari kitoke na gari.

Kuhusu taratibu, mengi tayari yamerahisishwa. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kimeondoa ulazima wa kukaguliwa mara mbili. Gari la nje huingizwa kwa kibali cha muda, bima huweza kuwa ile ya Kadi ya Njano inayotambuliwa katika nchi nyingi za ukanda, na malipo ya hifadhi hufanywa kwa kumbukumbu namba badala ya fedha taslimu. Mtanzania mwenye gari lake haruhusiwi kubeba wateja wa kulipa bila leseni ya biashara ya utalii. Kubeba familia yake si biashara. Tela husajiliwa kwa namba yake, si ya gari linalolivuta, jambo ambalo wengi hulijua wanaposimamishwa barabarani.

Barabara ndizo zitakazoamua kasi ya yote haya. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 likiwa na urefu wa takriban kilometa 3, limemwondolea msafiri wa Mwanza foleni ya kivuko na kuzisogeza karibu Burigi-Chato na hifadhi nyingine za magharibi. Si kila lami ni habari njema kwa wanyama. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kuwa kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti kungekiuka Mkataba wa Jumuiya, na uzoefu wa Mikumi unatosha kueleza kwa nini. Lami inayofika langoni ni jambo moja. Inayopita ndani ni jambo jingine kabisa.

Ndiyo maana macho yanapaswa kuelekezwa kwenye kilometa 104 za Iringa hadi Msembe, barabara ya kwenda Ruaha iliyo katika mpango wa kujengwa kwa lami. Ikikamilika, safari iliyokuwa ya vumbi na ya mabavu itakuwa ya gari dogo la familia, na tela halitahitaji tena springi za kijeshi. Njia hiyo inapita ukanda wa Idodi na Pawaga, nchi ya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya MBOMIPA, ambako vijiji vimetenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama wanaotoka na kuingia hifadhini. Wanakijiji hao ndio wanaolinda mahindi yao usiku dhidi ya tembo, na ndio wenye haki ya kwanza ya kupata kitu kutokana na tembo huyo huyo. Tayari Tungamalenga ina kambi na nyumba za wageni nje ya mpaka wa hifadhi. Kiwanja cha matela juu ya ardhi ya kijiji, chenye kisima, choo, kivuli cha mibuyu na kijana wa pale pale anayemwongoza mgeni hifadhini asubuhi, kingeingiza fedha moja kwa moja kwenye mfuko wa kijiji, na kingemweka Mtanzania wa kipato cha kawaida kwenye lango la Msembe saa 12 asubuhi linapofunguliwa.

Hatari yake inajulikana kutokana na barabara nyingine. Lami ikishafika, bei ya ardhi hupanda, wanunuzi hutangulia, na kijiji hujikuta kikikodi sehemu ya kuuzia maji kwenye kiwanja kilichokuwa chake. Mpango wa matumizi bora ya ardhi unaotaja viwanja hivyo kwa mipaka na kwa jina la kijiji unaweza kuandaliwa na halmashauri kwa sheria zilizopo, ilimradi uandaliwe sasa, wakati barabara bado ni ya vumbi na kiwanja bado hakina mgombea.